Nusu ya Ndevu

Wateja wangu wa Kangemi hucheka:
kinyozi gani huyu,
shavu la kulia limenyolewa likang'aa kama sahani,
la kushoto kichaka?
Nami hucheka nao kwa upande mmoja wa mdomo,
polepole, kama mtu aliyeficha yai chini ya ulimi.

Ilianza mwezi wa saba, katika baridi ile ya Nairobi
isiyo na mvua wala jua,
wingu limekalia mabati kama mfuniko wa sufuria.
Nilifungua kibanda saa moja, upepo ukanigusa shavu,
upepo tu,
na umeme ukapita kutoka sikioni hadi kwenye fizi,
ukarudi, ukapita tena.
Nikashika ukuta. Nikadhani mashine imenipiga shoti.
Mashine ilikuwa bado kwenye droo.

Sekunde kumi. Labda kumi na tano.
Kisha kimya, kana kwamba hakuna aliyebisha hodi.

Nikasema ni jino.
Daktari wa meno, pale juu ya duka la viatu, naye akasema ni jino.
Akang'oa gego, akanipa pamba niume.
Alhamisi umeme ukarudi.
Akang'oa la pili.
Yamo ndani ya kikopo cha mafuta ya nywele, meupe, mazima,
washtakiwa wawili walionyongwa bila kesi.

Syombua akanena usiku: siku hizi hunibusu.
Ningemwambiaje
kwamba uji umekuwa adui, mswaki adui, taulo,
hata jina lake,
kwa kuwa katikati yake midomo hugusana?

Daktari Cherotich hakunigusa uso.
Katika wote niliowaendea, yeye wa kwanza kutonigusa.
Aliuliza yanakuja vipi, yanakaa muda gani, yanaanzia wapi,
akageuza fomu, akachora:
neva moja, matawi matatu,
paji, shavu, taya,
na huko ndani, karibu na shina la ubongo,
mshipa wa damu umeiegemea,
kila pigo la moyo unaisugua,
hata ganda limechubuka.

Waya uchi, nikasema. Hilo nalijua. Nifungie utepe.
Akacheka. Utepe upo, akasema,
ila ni wa kufungua fuvu nyuma ya sikio
na kuweka kipande laini kati ya mshipa na neva.
Tuanze na vidonge.

Msichana wa duka la dawa alisoma cheti, akashusha sauti:
Una kifafa?
Sina, dada. Dawa ni moja, wagonjwa ni wawili.

Nusu kidonge, kisha kizima, kisha viwili,
na damu kupimwa kila baada ya wiki kadhaa.
Wiki ya kwanza sakafu iliyumba,
nikamkata mzee Shitakha nyuma ya sikio.
Alisamehe. Mimi sikujisamehe.
Nikamwachia Bosire wembe mwezi mzima,
mimi fundi, mwenye kibanda,
nikafagia nywele.

Maumivu hayajafa.
Yako ng'ambo ya ukuta, kama mbwa wa jirani:
nasikia mnyororo ukiburutwa,
sijui ni mrefu kiasi gani.
Operesheni bado naihesabia, pesa na moyo.
Upande ule sijaunyoa.
Lakini Jumapili nilitamka Syombua, lote,
akageuka kuona ni nani ameita.

Jana, jua la mwezi wa pili likichoma,
aliingia mama na kijana wake wa kunyolewa.
Alijitanda leso hadi machoni,
akakwepa kiti kilichoelekea feni,
chai aliyopewa akaipitisha kwenye pembe ya mdomo.

Nikazima feni. Bosire akalalamika joto.

Nikamsogelea, nikauliza chinichini:
Wamekung'oa mangapi?

Akainua vidole vitatu.

Nikageuza risiti, nikaanza kutafuta kalamu.